Kutoka gunia la njugu hadi kaunta: mwongozo kamili wa msimbo pau na namba ya bechi

Ukitengeneza siagi ya karanga Kondele, Kisumu, na kuwauzia majirani na watu wa kanisani, hakuna atakayekuuliza habari ya mistari myeusi. Swali huja siku unapobeba makopo mawili ya sampuli hadi ofisi ya ununuzi ya supamaketi. Kopo halijafunguliwa, bei haijatajwa, unaulizwa: "Iko na bakodi?" Wengi hutoka hapo wakaingia mtandaoni, wakanunua namba kwa mtu wasiyemjua, wakachapa stika na kuona wamemaliza.

Msimbo pau, hiyo bakodi ya kawaida inayobandikwa kwenye kopo, haubebi kitu zaidi ya namba. Bei haimo. Tarehe ya kuharibika haimo. Ubora haumo, wala kibali cha KEBS, shirika la viwango la Kenya, hakimo. Imekuwa hivyo tangu tarehe 26 Juni 1974, pakiti ya chingamu ya Wrigley ilipopitishwa kwenye skana katika supamaketi ya Marsh mjini Troy, jimbo la Ohio, Marekani: mashine ilisoma namba, kompyuta ya duka ikatafuta bei yake. Basi ukitaka kujua kopo fulani lilisagwa lini, kutoka gunia la nani, na liko duka gani leo, mistari haitakujibu. Atakayekujibu ni namba ya bechi, yaani ya mkupuo mmoja wa kusaga, na daftari lako. Mwongozo huu unafuata msimbo pau na bechi pia, na nitakaa zaidi kwenye bechi kwa sababu ndiyo inayopuuzwa.

Mfano wangu ni siagi ya karanga. Hatua ni zilezile kwa omena iliyofungwa Dunga, unga wa muhogo wa Busia, asali ya Baringo au mtindi wa Njoro.

Hatua ya 1: Hesabu bidhaa zako sawasawa

Kanuni ni moja: kila bidhaa ambayo mteja angeiona tofauti rafuni ina namba yake. Kopo la gramu 400 la siagi laini ni namba moja. La gramu 800 ni nyingine. Yenye vipande vya njugu ni nyingine tena, hata kama kopo na kifuniko ni vilevile. Ukitengeneza aina mbili kwa ukubwa wa aina tatu, una namba sita, usijidanganye kuwa ni bidhaa moja.

Kubadilisha bei hakuhitaji namba mpya. Kubadilisha uzito unaotangazwa kwenye lebo kunahitaji. Ukiacha kutengeneza bidhaa, namba yake usiipe bidhaa nyingine, kwa kuwa makopo ya zamani huenda bado yako rafuni Kakamega na kompyuta za maduka bado zinaikumbuka.

Hatua ya 2: Pata namba kwa mlango wa mbele

Nchini Kenya namba hizi hutolewa na GS1 Kenya, tawi la shirika la kimataifa la GS1. Unajisajili kama kampuni, unalipa ada ya kujiunga na ada ya kila mwaka, nawe unapewa fungu la namba ambalo ni lako. Kabla ya kuomba, uwe na usajili wa biashara, PIN ya KRA (mamlaka ya kodi), na ile orodha ya hatua ya kwanza ikiwa imeandikwa vizuri. Uliza ada kulingana na idadi ya bidhaa ulizo nazo, na zile unazotarajia kuongeza karibuni, usije ukanunua fungu dogo leo na kurudi mwakani.

Wale wanaouza namba mojamoja mtandaoni kwa bei ya chakula cha mchana wanauza namba zilizosajiliwa kwa jina la mtu mwingine, na mara nyingi mtu huyo yuko bara jingine. Skana itaisoma, ni kweli. Shida huja mnunuzi wa supamaketi kubwa anapoitafuta namba hiyo kwenye daftari la GS1 na kukuta jina la kampuni ya vipodozi. Utachapa lebo upya zote, na hasara hiyo ni kubwa kuliko ada uliyokuwa unaikwepa.

Namba za Kenya huanza na 616, za Tanzania 620. Hapa kuna uvumi unaozunguka WhatsApp kila baada ya miezi michache, eti tarakimu tatu za kwanza zinaonyesha bidhaa imetengenezwa nchi gani. Si kweli. Zinaonyesha kampuni ilisajili namba wapi. Kampuni yenye 616 inaweza kuagiza makopo yaliyojazwa kwingine, na namba ikabaki 616. Nazo namba zinazoanza na 2, unazoziona kwenye stika za nyama au ndizi zilizopimwa kwenye mizani ya supamaketi, ni za matumizi ya ndani ya duka hilo tu. Usiziige.

Namba yenyewe ina tarakimu 13, na ya mwisho ni ya ukaguzi. Jifunze kuikokotoa kwa mkono, ni kazi ya dakika mbili. Chukua 12 za mwanzo, mfano 616123456001. Jumlisha zilizo nafasi ya 1, 3, 5, 7, 9 na 11: 6+6+2+4+6+0 ni 24. Jumlisha zilizobaki: 1+1+3+5+0+1 ni 11, zidisha kwa 3 upate 33. Jumla 57. Kinachopungua kufika 60 ni 3, basi namba kamili ni 6161234560013. Keshia akikosea tarakimu moja anapoiandika kwa mkono, hesabu inakataa na mashine inalia.

Ila kinga hiyo ina tundu, na tundu lenyewe linatuhusu sisi. Tarakimu mbili jirani zinazotofautiana kwa 5 zikibadilishana nafasi, hesabu haitikisiki. Sasa tazama 616: sita na moja zinatofautiana kwa 5. Anayeandika 661 kwa haraka atapita bila kuzuiwa, na mfumo utapokea bidhaa isiyokuwepo. Kwa hiyo namba za kujaza kwenye fomu za maduka zisiandikwe kwa kuchapa kibodi. Zikopi, au uziskani.

Hatua ya 3: Chora, chapa, jaribu

Hapa ndipo pesa hupotelea. Ukubwa kamili wa msimbo huu ni milimita 37.29 kwa upana na 25.93 kwa urefu, pamoja na nafasi nyeupe za pembeni. Unaruhusiwa kuupunguza hadi asilimia 80 au kuukuza hadi asilimia 200. Ile nafasi nyeupe kushoto na kulia si pambo wala si pengo la kujazia nembo yako. Skana huitumia kujua mistari inaanzia wapi. Mchoraji akisogeza picha ya njugu ikagusa mistari, kopo halitasomeka hata ulibembeleze.

Rangi: mistari myeusi juu ya nyeupe, basi. Skana za kaunta humulika mwanga mwekundu, na chini ya mwanga huo, rangi nyekundu huonekana kama nyeupe. Mistari myekundu juu ya karatasi nyeupe kwa skana ni karatasi tupu. Kahawia yenye wekundu, ambayo kila mchoraji wa lebo ya siagi ya karanga huipenda, ina hatari hiyohiyo. Rangi ya dhahabu inayong'aa nayo hurudisha mwanga ovyo.

Umbo la kopo nalo ni jambo. Kama kipenyo ni chini ya sentimita 6 hivi na msimbo ni wa ukubwa kamili, mistari ya pembeni inazama kwenye mviringo na mwanga hauifikii. Ugeuze msimbo ulale kama ngazi, mistari ikikata kopo kwa mlalo. Usiuweke kwenye mshono wa lebo, wala karibu na ukingo wa chini ambapo kopo linapinda.

Mchoraji mpelekee faili yenyewe uliyopewa, kwa njia ya PDF, kama hati. Ukipiga picha msimbo na kuutuma WhatsApp kama picha, simu inaubana na kingo za mistari zinafifia. Mchoraji naye akiuvuta kwa kona moja ili uingie kwenye nafasi aliyoibakisha, unene wa mistari unaharibika. Mwambie wazi: asiuvute, asiupake rangi, asiukate urefu ili apate nafasi ya neno "Tamu".

Kama unachapa stika mwenyewe kwa printa ndogo, kwanza jua ni ya aina gani. Kwaruza stika tupu kwa ukucha. Ikibaki alama nyeusi, ni karatasi inayochorwa kwa joto moja kwa moja, ileile ya risiti. Hiyo kwa Kisumu na kwa siagi haifai. Jua la dirishani huififisha, na mafuta yakipenya kwenye ukingo wa kifuniko, mistari inafutika. Tafuta printa inayotumia riboni, yaani utepe wa wino, na kwa vitu vya mafuta omba riboni ngumu ya rezini pamoja na stika za plastiki.

Ukishapata sampuli za kwanza, usiridhike kwa sababu simu yako imezisoma. Kamera ya simu ni mvumilivu kuliko skana ya kaunta. Omba meneja wa duka moja akuruhusu upitishe makopo kumi saa ambayo hakuna foleni. Yapitishe kama keshia anavyopitisha, bila kusimama. Kisha paka mafuta kidogo juu ya lebo, futa, pitisha tena.

Hatua ya 4: Katoni iwe na namba yake

Stoo haipokei kopo kwa kopo, inapokea katoni. Katoni ya makopo 12 ina namba yake ya tarakimu 14: tarakimu moja mbele, kati ya 1 na 8, kisha zile 12 za kopo, kisha tarakimu mpya ya ukaguzi. Kwa mfano wetu inakuwa 16161234560010. Ukiwa na katoni ya 12 na nyingine ya 24, moja ianze na 1 na ya pili na 2.

Kwenye katoni ndipo mistari inapoweza kubeba zaidi ya namba ya bidhaa. Kuna aina iitwayo GS1-128 ambayo huingiza vipande vya habari, kila kipande kikitanguliwa na namba ya kukitambulisha: 01 ni bidhaa, 17 ni tarehe ya mwisho kwa mpangilio wa mwaka, mwezi na siku, 10 ni bechi. Chini yake huandikwa hivi:

(01)16161234560010(17)260314(10)140325A

Mabano ni ya macho ya binadamu tu, hayaingii kwenye mistari. Bechi iweke mwisho, kwa sababu urefu wake unabadilika na kompyuta inahitaji kujua inaishia wapi. Kama duka unalouzia halina mfumo wa kusoma haya, bado chapa tarehe na bechi kwa herufi kubwa ubavuni mwa katoni. Kijana wa stoo anayepanga mizigo saa kumi na mbili asubuhi haskani, anasoma. Kanuni yake ni moja: inayoisha kwanza itoke kwanza. Msaidie aione bila kuinua katoni.

Kopo pia linaelekea huko. GS1 imeweka mwisho wa mwaka 2027 kama shabaha ya kaunta za dunia kuweza kusoma misimbo ya miraba, kama QR, inayobeba bechi na tarehe pamoja. Usiiondoe mistari yako leo kwa ajili hiyo. Ila ukichora lebo mpya, bakiza nafasi.

Hatua ya 5: Bechi na daftari

Novemba 2019 KEBS ilisimamisha chapa kadhaa za unga wa mahindi, na siagi ya karanga nayo imewahi kusimamishwa, zote kwa sababu ya aflatoksini. Hiyo ni sumu ya kuvu wanaoota kwenye nafaka na njugu zisizokaushwa vizuri. Kukaanga hakuimalizi. Kikomo chake ni mikrogramu 10 kwa kilo, kidogo kiasi kwamba njugu chache mbovu zinaweza kuharibu gunia zima. Na hazisambai sawasawa: juu ya gunia pasafi, katikati pachafu. Kwa hiyo sampuli ya maabara ichotwe sehemu nyingi za gunia, pande zote, ichanganywe.

Sasa fikiri agizo kama hilo linakufikia. Kama huna bechi, unarudisha kila kopo lenye jina lako, kutoka Busia hadi Nakuru. Ukiwa na bechi, unarudisha za siku moja.

Anza kwenye gunia. Njugu za Teso, za Ndhiwa na zile zinazovuka mpaka Busia zisikutane kwenye pipa moja kabla hazijaandikwa. Kila gunia likiingia, lipe kibandiko na namba yako, tuseme G21, kisha andika: tarehe, muuzaji, zilikotoka, kilo ulizopima wewe mwenyewe, na majibu ya maabara. Ukinunua kwa gorogoro, lile kopo la kupimia, soko la Kibuye kutoka kwa akina mama tofauti, zote za siku hiyo ziwe fungu moja lenye namba moja. Ukishindwa kujua zilikotoka, angalau ujue ulizinunua lini na kwa nani.

Bechi ni kile unachosaga kabla ya kusafisha mashine. Mimi napendelea tarehe na herufi: 140325A ni ya asubuhi tarehe 14 Machi 2025, 140325B ni ya jioni baada ya kuosha. Wapo wanaoita mwezi mzima bechi moja ili kupunguza kazi. Wanapunguza kweli, mpaka siku ya kurudisha.

Kwa kila bechi, ukurasa mmoja wa daftari. Magunia yaliyoingia: G21. Kilo zilizoingia: 50. Baada ya kuchambua, kukaanga na kupepeta maganda: 42. Makopo ya gramu 400: 105. Hesabu hiyo ya mwisho ndiyo polisi wako. Kilo 42 haziwezi kuzaa makopo 130, na ukurasa ukionyesha 130, kuna njugu zilizoingia mashineni bila kuandikwa. Kabla hujatafuta kosa kwenye kalamu, tafuta gunia.

Chini ya ukurasa huo, yalikokwenda. Makopo 2 yamebaki kabatini kama sampuli hadi tarehe ya mwisho ipite. Katoni 5 zimeenda supamaketi ya Kisumu mjini, 2 Kakamega, 1 Nakuru, na makopo 7 yameuzwa kwa mkono. Jumla 105. Kila mzigo uwe na namba ya bechi kwenye hati ya kufikisha mzigo pamoja na namba ya invoisi ya eTIMS, mfumo wa invoisi wa KRA. Vioski vya Nyalenda havina skana, lakini jina la kioski na namba ya simu ya mwenyewe unaweza kuandika.

Daftari la karatasi linatosha kuanza. Ukihamia kompyuta, nunua skana ya waya ya USB, ambayo kompyuta huichukulia kama kibodi: unaskani, namba inajiandika, mstari unashuka. Tahadhari moja kwa Excel: safu ya namba ifanye iwe ya maandishi kabla hujaskani. La sivyo utakuta 6.16123E+12 kutoka juu hadi chini, na aina zote sita za siagi yako zikifanana.

Hatua ya 6: Ndani ya supamaketi

Nakuru ina haki ya kujivunia jambo hili kidogo. Nakumatt, iliyokuja kuanguka, ilipata jina lake kutokana na duka la magodoro la Nakuru, na Quickmart ilianzia hapo 2006. Mfumo wa maduka haya wote ni mmoja kimsingi: msimbo wako huingizwa kwenye kompyuta kuu pamoja na jina na bei, kisha matawi husoma kutoka humo. Kaunta ikisema bidhaa haipatikani, mara nyingi mistari yako ni mizima, ila hakuna aliyeiingiza, au imeingizwa tawi moja na wewe umepeleka tawi jingine. Siku ya kwanza ya mzigo, nunua kopo lako mwenyewe kwa kila aina na uangalie risiti.

Kisha simama kando ya kaunta utazame. Mteja ameweka makopo matatu, mawili laini na moja lenye vipande. Bei ni moja. Keshia ana foleni, anachukua la kwanza, anaskani mara tatu: tiit, tiit, tiit. Mteja amelipa sawa, duka halijaibiwa. Lakini kompyuta imeondoa siagi laini tatu na haijagusa yenye vipande. Ukirudia hivyo mwezi mzima, mfumo unaamini yenye vipande imejaa rafuni wakati rafu ni tupu, na LPO, yaani agizo la ununuzi, haiji. Msambazaji mdogo hudhani bidhaa yake haitakiwi.

Dawa ni mbili. Lebo za aina mbili zitofautiane kwa rangi kiasi kwamba mkono wa keshia usite. Na kila wiki hesabu rafu yako mwenyewe, mwombe msimamizi wa idara alinganishe na kompyuta. Nenda kwa adabu na asubuhi: "Dada, naomba tuangalie hii ya vipande, naona rafu iko wazi." Ukimpa hesabu iliyoandikwa, marekebisho hufanyika hapohapo.

Makopo yanayorudishwa na duka nayo yaandikwe kwa bechi. Kama yote yaliyovuja yana bechi moja, tatizo ni kifuniko chako cha siku ile, usimlaumu dereva wa matatu.

Hatua ya 7: Fanya zoezi la kurudisha

Mara mbili kwa mwaka, mpe ndugu yako pesa anunue kopo lako duka lolote bila kukuambia. Akuletee bechi tu, na saa ianze. Unatakiwa utaje magunia yaliyotumika, muuzaji wa njugu, bechi nyingine zilizotumia gunia lilelile, na kila duka lililopokea, pamoja na idadi. Ukimaliza ndani ya saa nne, uko vizuri. Ikikuchukua siku nzima, tazama ni ukurasa gani uliokukwamisha. Kwa kawaida ni ule wa mauzo ya mkono, au gunia lililobaki nusu likamaliziwa wiki iliyofuata bila kuandikwa.

Siku ya kweli ikifika, piga simu kwa maduka kwanza, kisha tuma ujumbe wa maandishi wenye msimbo wa bidhaa, bechi na tarehe ya mwisho, ili stoo waondoe za bechi hiyo pekee. Yanayorudi yatengwe chumba kingine, yafungwe utepe, yahesabiwe mbele ya mtu wa pili. Kama yalitoka 103 na yamerudi 61, kuna 42 yaliyo majumbani mwa watu. Tangazo lako kwa wateja liwaandikie hao: wageuze kopo, waitafute namba ya bechi, na wakiona 140325A wasile, walirudishe walikonunua.